Tunda Bora ni Haki ya Nani?

Liko swali moja ambalo laonekana dogo, hata mtu aweza kucheka akiulizwa. Mkulima wa nyanya akiingia bustanini asubuhi na kuliona tunda lililo bora kupita yote, je, tunda hilo ni la nani? Mpishi wa hoteli atasema, Ni langu, maana mimi nalipia kilicho bora. Mkulima atasema, Ni langu, maana nimelitolea jasho na maji. Lakini yuko wa tatu, asiyekuwapo bustanini wala hana kinywa cha kusema, naye ni yule atakayepanda mwakani na miaka ijayo. Ndugu wasomaji, nataka tumsikilize huyu wa tatu kabla hatujaamua shauri hili.

Nasema haya nikifikiri hasa habari za Ipagala, kata mojawapo ya Jiji la Dodoma. Nchi ya Ugogo ni kavu. Mvua zake ni kama milimita 550 au 600 kwa mwaka, nazo huanza karibu na Desemba zikakoma mwezi wa Aprili. Baada ya hapo atakaye mboga sharti achote maji ya kisima au anunue ya bomba. Tangu zamani mashamba ya huku yalikuwa ya uwele na mtama, na siku hizi mizabibu pia. Lakini serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu katika mwaka 2016, mji uliongezewa vinywa vingi. Hoteli na migahawa imezidi, na wakati wa Bunge vyumba hujaa wageni, nao wote wataka kachumbari mezani. Kwa hiyo kibustani cha nyuma ya nyumba, ambacho zamani kilikuwa cha mchuzi wa jioni tu, sasa chaweza kumlipia mtoto ada na kununua bati.

Nyanya zitokazo mbali, kama zile za Ilula mkoani Iringa ambako zalimwa kwa wingi, hazina budi kuwa na ngozi ngumu, maana zapaswa kuvumilia lori, na madalali, na siku mbili tatu za kukaa sokoni. Ngozi ngumu si dhambi. Pasipo hiyo watu wengi wa mjini wasingekula nyanya. Ila nyanya nyingi za mbegu za zamani, zenye ngozi nyembamba na maji mengi, na utamu uliochanganyika na ukali kidogo, haziwezi safari hiyo. Hupasuka kabla hazijafika. Mwenye bustani Ipagala aweza kuzichuma alfajiri na kuzifikisha jikoni mapema, zikiwa zimepangwa safu moja tu ndani ya kapu. Hapo umbali mfupi wamfaa kuliko ekari nyingi. Mpishi ajuaye kazi yake atalipa zaidi kwa nyanya ya namna hiyo, naye, kwa haki kabisa, atataka zile zilizo nzuri kupita zote. Hapo ndipo ugomvi wetu waanza.

Maana mbegu ya asili ina tabia yake. (Neno hili asili tusilishike vibaya. Nyanya ni mgeni katika Afrika. Ilitoka Amerika, ikavuka bahari pamoja na Wazungu. Tusemapo mbegu ya asili twataka kusema mbegu iliyorithiwa, iliyopita mkono kwa mkono.) Ua la mnyanya mara nyingi hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mbegu za tunda lake zikipandwa huzaa nyanya zilizo sawa na mama yao. Mbegu chotara, zile zenye alama ya F1 juu ya pakiti, si hivyo. Zimefanywa kwa kuoanisha namna mbili zilizotengwa, na uzao wao wa kwanza ni mzuri sana. Lakini ukipanda mbegu za tunda lake watoto hutawanyika, huyu hivi na huyu vile. Apandaye chotara hana budi kununua pakiti mpya kila msimu. Simlaumu. Mara nyingi mbegu hizo zimetiwa nguvu ya kushindana na maradhi ambayo nyanya za zamani haziyawezi. Ila angalieni jambo hili: anunuaye mbegu kila msimu amenunua pia ruhusa ya kuuza tunda lake bora. Kazi ya kuchagua amemwachia mtu mwingine, tena amemlipa ujira wake. Apandaye mbegu ya asili hakumlipa mtu, na kazi ile i juu yake mwenyewe, ajue asijue.

Tumfikirie mama mmoja, ambaye simtaji jina kwa kuwa nimemwumba kwa ajili ya mfano tu. Ana miche mia tatu. Mbegu alipewa bure na mama mkwe wake, zimefungwa fundo katika kitambaa. Mpishi ataka kilo ishirini kila Jumanne na Ijumaa. Mama huchuma zilizo bora, hupima kwa mizani ya haki, hafichi mbovu chini ya kapu, naye hulipwa. Zinazofuata kwa uzuri huziuza kwa mafungu kando ya barabara. Zinazobaki hupika nyumbani. Mwisho wa msimu, majani yamekauka na kamba zimelegea, akumbuka kwamba hana mbegu ya mwakani. Achukua nini? Achukua kilichobaki: matunda ya miche iliyochelewa, na yale ambayo wanunuzi waliyakataa kwa sababu ya madoa. Hakumwibia mtu. Hakumdanganya mtu. Na mwaka unaofuata nyanya zake zaota vizuri tu, hata yeye hana sababu ya kushuku neno.

Hapa yafaa tuseme sawasawa, tusije tukawapotosha vijana wasomao kilimo. Matunda ya mche mmoja, makubwa kwa madogo, yana mbegu za ukoo mmoja. Tunda dogo la mche mwema si baya kwa mbegu. Lililo kubwa ni mche. Mwenye busara huutazama mche mzima: ulisimama wakati wenzake walipoguswa na bakajani, ulizaa mapema, ulizaa mengi, na matunda yake yalikuwa na umbo na utamu wa jamii yake. Tena yako maradhi ya bakteria na ya virusi yanayopanda juu ya mbegu na kungoja huko mpaka msimu ujao. Ndiyo sababu kuchukua mbegu katika masazo ni hatari, kwa kuwa miche yenye matunda mwisho wa msimu mara nyingi ni ile iliyochelewa, na matunda yaliyokataliwa mara nyingi ni ya miche migonjwa. Basi nisemapo tunda bora, nataka kusema tunda la mche bora, lililoachwa juu ya mti mpaka likaiva kabisa. Na mche huo ndio ule ule ambao mpishi angependa kuuchuma wote.

Wahenga walisema, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, na katika bustani ya mbegu ukweli huo ni mtego. Kwa kuwa chema chajiuza, ndicho kitokacho nyumbani kwanza. Na kwa kuwa kibaya hakina mnunuzi, ndicho kibakicho kuwa baba wa mwaka ujao.

Sasa tufanye hesabu, maana mwalimu asiyefanya hesabu ni mhubiri tu. Tunda moja la kadiri laweza kuwa na mbegu mia na zaidi. Kwa miche mia tatu yatosha matunda matano au sita, hata tukihesabu mbegu zitakazokufa. Tukichukua kumi, moja moja katika miche kumi, ili tusiuegemeze ukoo wote juu ya mche mmoja, bado ni kama kilo moja na nusu au mbili. Mtu atauliza, Kilo mbili! Je, hiyo ndiyo habari ya kuandikia makala? Naam, ndiyo hiyo. Kama ingekuwa nusu ya mavuno, kila mtu angeona kwamba liko jambo la kuamua, naye angeamua. Lakini kilo mbili hazina ukubwa wa kumsimamisha mtu na kumfikirisha. Kila asubuhi ya kuchuma ina sababu yake njema: leo mpishi ana wageni wengi, leo kapu limepungua kidogo, kesho yataiva mengine. Hakuna siku hata moja ambayo twaweza kuinyoshea kidole na kusema, Siku hii mbegu iliharibiwa. Na miaka mitano au sita ikiisha pita, mama asema, Ardhi imechoka. Au asema, Nyanya za siku hizi si kama zile za mama mkwe. Asema kweli, wala hajui sababu.

Jambo kama hili limewapata hata wakubwa wa elimu. Nyanya nyingi za zamani, zikiwa bado changa, huwa na mabega ya kijani iliyokolea karibu na kikonyo, na ziivapo hazigeuki rangi sawasawa mahali pote. Wazalishaji wa mbegu waliona kwamba nyanya isiyo na mabega hayo, ile iivayo rangi moja tangu juu hata chini, ni rahisi kujua wakati wa kuichuma na ni rahisi kuiuza. Wakaichagua, muda wa miaka kama sabini, hata nyanya za biashara zikawa karibu zote za namna hiyo. Katika mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California pale Davis pamoja na wenzao walieleza kilichotendeka. Ile kijani ya mabegani hutokana na vyembe vya chanikiwiti ambavyo hulisaidia tunda kujitengenezea sukari. Na katika nyanya za rangi moja kirithi kinachoongoza kazi hiyo kimevunjika. Kwa hiyo, walipokuwa wakichagua uso mzuri, walikuwa wakitupa sehemu ya utamu bila kujua. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alichagua tunda lililompendeza mnunuzi wa siku ile.

Sasa tuwasikilize wapinzani, nao wana maneno ya maana. Wa kwanza asema: Bustani ni yake, mbegu ni zake, akitaka kuuza zote au kuzitia motoni ni hiari yake. Kwa sheria ya nchi, sawa. Lakini lugha yetu ina maneno mawili, mali na amana, wala haiyachanganyi. Mali waweza kuitumia mpaka ikaisha. Amana waweza kukaa nayo, hata kufaidi kivuli chake, lakini siku ya kuitoa sharti itoke nzima. Nyanya ya kula ni mali ya mkulima. Mbegu aliyopewa bure ni amana. Na shida yote ya mama yetu ni kwamba vitu hivi viwili vimo ndani ya ngozi moja, na mizani ya mpishi hupima vyote pamoja.

Mpinzani hanyamazi. Asema: Amana sharti iwe ya mtu fulani. Mama mkwe amekwisha kufa, na hao wa miaka ijayo hawajazaliwa. Mtu awezaje kuwa na deni kwa asiyekuwapo? Swali hili ni gumu, na wenye falsafa wameliandikia vitabu. Mimi nalijibu hivi. Mama mkwe alipoyaacha matunda yake mazuri yaoze katika bakuli kwa ajili ya mbegu, huyu mkwewe hakuwapo bado. Labda alikuwa mtoto wa kijiji kingine, hajulikani. Kama asiyekuwapo hana haki yo yote, basi mama mkwe alifanya upuuzi, na mkwewe amekula matunda ya upuuzi huo. Lakini yeye mwenyewe hasemi hivyo. Asema alitendewa wema. Akikiri kwamba alitendewa wema kabla hajajulikana, amekwisha kukiri kwamba wasiojulikana waweza kutendewa wema, na kudhulumiwa pia.

Mpinzani wa pili ni njaa, nami kwake nainamisha kichwa. Wazee wa Ugogo walisimulia habari za Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Wazungu yalipokuwa yamechukua ng'ombe na nafaka na watu wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakatika. Katika siku kama hizo hakuna awezaye kumhukumu mtu kwa kula mbegu. Wako waliofanya kinyume, na historia imewaandika: mji wa Leningrad, katika nchi ya Urusi, ulipozingirwa na Wajerumani tangu Septemba 1941 mpaka Januari 1944, wataalamu wa ghala ya mbegu iliyokusanywa na Nikolai Vavilov walizilinda mbegu za nafaka na viazi, na baadhi yao wakafa kwa njaa kando ya magunia waliyokatazana kuyagusa. Twawaheshimu. Walakini nisingependa mtu ye yote awatumie kuwa fimbo ya kumpigia mama mwenye watoto. Mimi sisemi juu ya mwenye njaa. Nasema juu ya sisi wengine, ambao tumeshiba, ambao kilo mbili hazitutoi machozi, nasi twaziuza kwa sababu tu mnunuzi amesimama mlangoni na mwakani hayupo mlangoni.

Mpinzani wa tatu ni mpishi mwenyewe. Ameagiza zilizo bora, amelipa bei ya zilizo bora; je, kumficha kumi si kumpunja? Hapa namwona ana haki, lakini haki yake ni ya kuambiwa kweli. Mkulima na amwambie tangu mwanzo: Nitakuletea bora katika miche yote isipokuwa hii kumi. Mpishi mwenye akili hatakasirika, maana yeye ndiye atakayekosa nyanya hizo mbegu ikichakaa. Asiyekubali, na aende kwa lori la Ilula, hapana ugomvi. Kilicho kibaya ni kumwahidi yote kisha kumpa pungufu, kama wale wajazao tenga nyanya nzuri juu na mbovu chini, au wanunuzi wadaio lumbesa, kipimo kikajazwa kupita ukingo wake na mkulima asilipwe ziada hiyo. Atakaye kuitunza haki ya asiyekuwapo asianze kwa kumdhulumu aliyepo.

Tena si kweli kwamba atunzaye mbegu lazima awe maskini. Huko Logan, katika jimbo la West Virginia, Marekani, alikuwako fundi wa kutengeneza magari, M. C. Byles, ambaye katika miaka ya 1930 alichanganya nyanya kubwa za namna mbalimbali, kisha akawa akichagua mbegu za miche bora mwaka baada ya mwaka mpaka namna yake ikatulia. Ndipo, katika miaka ya 1940, akauza miche michanga kwa dola moja kila mmoja, na yasimuliwa kwamba kwa fedha hizo alimaliza deni la nyumba yake, dola 6,000, katika muda wa miaka sita. Nyanya hiyo yaitwa Mortgage Lifter, yaani mwondoa rehani. Fedha zake zilitoka katika matunda ambayo miaka ya kwanza hakuyauza. Nasi katika Afrika Mashariki tulipata toka Uingereza nyanya iitwayo Moneymaker, mleta fedha, nayo ilienea bustanini mwetu kwa miaka mingi. Sijui kama waliompa jina walifikiri ni tunda liletalo fedha au ni mbegu.

Watu wa kale hawakuhitaji hesabu hizi, kwa kuwa walikuwa na desturi ya malimbuko: mavuno ya kwanza hayakuliwa ovyo, sehemu ilitengwa kabla mtu hajaonja. Sisemi kwamba walitenga kwa ajili ya mbegu. Walitenga kwa ajili ya Mungu au ya wazee wao. Lakini mkono uliozoea kutenga kwanza na kula baadaye ulikuwa umekwisha kufundishwa. Desturi hiyo ikiisha kusahauliwa, mtu hana budi kuamua upya kila asubuhi, na kuamua upya kila asubuhi ni kazi ya kuchosha. Kwa hiyo namshauri mama yetu asingoje matunda. Miche ikianza kuzaa, apite na vipande vya kitambaa, afunge kumi iliyo myema. Na watoto waambiwe kwamba penye kitambaa hapachumwi, hata baba akituma. Mmojawapo ukiugua baadaye, kitambaa kifunguliwe. Yale matunda yakiisha kuiva kabisa, mbegu hukamuliwa pamoja na utelezi wake ndani ya bakuli, huachwa siku mbili au tatu mpaka zinuke, maana ule utelezi ndio uzuiao mbegu kuota ndani ya tunda. Kisha huoshwa, zinazoelea hutupwa, zinazozama hukaushwa kivulini juu ya sahani. Husemwa kwamba akiba haiozi, lakini akiba hii sharti ioze kwanza. Katika chupa kavu, mahali pasipo joto, hukaa miaka minne na zaidi.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu kuliko yote. Katika mwaka 2014 aliingia Tanzania mdudu ambaye wakulima walimpa jina la kantangaze. Aweza kumaliza bustani nzima, majani na matunda, kabla mwenyewe hajajua la kufanya. Mbegu iliyo katika bustani moja tu yaweza kupotea kwa msimu mmoja. Chupa nayo huvunjika, panya huingia, nyumba huungua. Basi mbegu haiko salama mpaka iwe kwa mtu mwingine pia. Na huyo mtu mwingine ni nani, kama si jirani wa Ipagala, ambaye naye aijua njia ya kwenda hotelini? Kuuza mbegu katika pakiti ni jambo jingine. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na taasisi ya TOSCI zimeweka masharti yake, na ni vema, maana mnunuzi wa mbegu haoni anunuacho. Nasema juu ya kijiko kimoja, cha kupewa bure kama mama alivyopewa bure. Mwaka ujao kutakuwa na makapu mawili mlangoni pa mpishi, na bei itashuka kidogo. Nimelifikiri sana jambo hili kwa ajili yake, na bado naona ampe jirani kijiko hicho. Tena akitoe katika chupa ile ile ya miche kumi, asiende kukichota katika masazo.